Walimu Wapya, Msimsimamishe Mtoto Paredini Ili Wenzake Wamhurumie

Wadogo zangu mnaoanza kazi katika shule zetu za wilaya ya Isingiro, Uganda, hasa zile zinazopokea watoto wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nawaandikia kwa sababu kila muhula naona kosa lilelile likirudiwa na walimu wenye moyo mzuri kabisa.

1. Kabla ya kufundisha huruma, tazama nani ameketi wapi. Mtoto mwenye uoni hafifu akae mbele, na mwenye magongo akae karibu na mlango.

2. Mtoto si kielelezo cha somo. Mwalimu mmoja kijana alikabidhiwa paredi ya Ijumaa azungumzie upendo. Alimwita mbele msichana wa darasa la nne aliyetoka Kivu ya Kaskazini huko Kongo, akamwomba awasimulie wenzake jinsi familia yake ilivyokimbia vita. Msichana alianza kwa Kiswahili kizuri, akafika mahali ambapo kaka yake alibaki nyuma, akanyamaza. Vidole vyake vilikuwa vikikunja pindo la sketi, vikilikunjua, vikilikunja tena, huku mwalimu akimhimiza kwa upole, "Endelea, mwanangu, usiogope." Shule nzima ikapiga makofi, na baadhi ya walimu wakafuta machozi.

Jumatatu wanafunzi walimpa uji wao, walimpa kalamu, lakini hakuna aliyemwita kuruka kamba. Walimtazama kama mgonjwa. Siku iliyofuata hakuja. Mama yake ndiye aliyekuja, akasimama mlangoni mwa ofisi ya walimu na kuuliza ni nani aliyeruhusiwa kutangaza msiba wa nyumba yake mbele ya watu. Mwalimu yule hakuwa na jibu, na sidhani kama jibu lipo. Alichokusudia ni huruma, ila watoto walichojifunza ni kwamba mwenzao yuko chini yao.

Msichana aliporudi shuleni, mwalimu wa hesabu aligundua kwamba hesabu za sehemu, kama nusu na robo, alizisoma Kongo, tena kwa Kifaransa, na anazimudu kuliko wengi. Alimpanga na msichana mwenyeji aliyekuwa akihangaika na somo hilo, akawapa wote wawili kazi ya kugawa na kukusanya madaftari. Hakutoa hotuba yoyote. Wiki chache baadaye wale wawili walikuwa wakigombana kwa sauti juu ya zamu ya kushika kamba, na mimi nilifurahi kusikia ugomvi ule kuliko makofi yote ya paredi, kwa kuwa mtoto anayehurumiwa hakuna anayegombana naye.

3. Msipime akili ya mtoto kwa Kiingereza chake. Mtoto wa miaka 13 aliyesoma kwa Kifaransa huketishwa na wadogo wa darasa la pili, magoti yakigonga dawati, kwa sababu tu hakuelewa maswali ya kumpokea. Tangu mtaala wa mada ulipoanza mwaka 2007, madarasa matatu ya chini hufundishwa kwa lugha ya mahali, kwa hiyo hapa kwetu mtoto huyo anakutana na Runyankore na Kiingereza kwa pamoja. Mpeni hesabu ubaoni, mmuulize kwa Kiswahili, kisha ndipo mwamue darasa lake. Wala msimvishe mtu kibao shingoni kwa kusema lugha ya nyumbani. Baraza la Mawaziri liliamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, nasi hatuwezi kumwadhibu mtoto kwa lugha tunayopaswa kumfundisha.

4. Anayemcheka mwenzake asichapwe. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yamepiga marufuku viboko shuleni, na fimbo humfanya aliyechekwa alipiziwe kisasi njiani.

5. Andikeni mnachokiona. Mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu anaweza kupewa na UNEB, yaani Baraza la Mitihani la Taifa la Uganda, muda wa ziada, karatasi za nukta nundu au za maandishi makubwa, lakini ni lazima shule iyaeleze mahitaji hayo wakati wa usajili. Mara nyingi mwalimu wa darasa la saba humpata mtoto huyo akiwa hana hata ukurasa mmoja wa kumbukumbu, ilhali walimu wote waliotangulia walijua kwamba anasoma kwa kusogeza daftari hadi puani. Fungueni faili lake muhula huu, hata kama mnafundisha darasa la kwanza.