Alamisho la kitabu kwa kroshia: kwa anayeshika sindano mara ya kwanza

Wengi wanaokuja kwangu kujifunza kroshia hufika na picha kwenye simu. Kitambaa cha meza cha duara, blanketi la mtoto, au seti nzima ya vitambaa vya makochi kama vile vilivyokuwa sebuleni kwa mama zetu. Huwa nawaambia waitunze picha hiyo, kwanza tufume alamisho la kitabu. Wapo wanaonuna kidogo. Sibadilishi msimamo, maana nimeona vitambaa vingi vya makochi vilivyoanzwa kwa furaha vikaishia kwenye mfuko juu ya kabati, sindano bado imechomekwa ndani.

Alamisho utalimaliza, jioni mbili au tatu tu. Halafu ni jembamba na kingo zake zimenyooka, kwa hiyo ukikosea unaona palepale. Kitambaa kikubwa kinakuficha makosa mpaka umefika mbali, na wakati huo kufumua kunauma.

Tuanze na uzi, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoharibu kabla hata hawajaanza. Usinunue sufu nene ya masweta. Alamisho nene linapanua kitabu, linasukuma kurasa na kuchosha mgongo wa kitabu, na msomaji atalitoa akarudi kwenye kipande chake cha karatasi. Tafuta uzi wa pamba, mwembamba kiasi, uliosokotwa vizuri usioachana nyuzi ukiuchokonoa. Dukani wakikuambia ni pamba na una shaka, kata kipande kifupi ukichome mbali na vitu vingine: pamba huungua ikabaki majivu laini yenye harufu ya karatasi iliyoungua, uzi wa plastiki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kwa uzi huo chukua sindano ya kroshia ya milimita 2 au 2.5. Angalia milimita zilizoandikwa kwenye mpini, usifuate namba nyingine, kwa sababu namba za sindano hazilingani kila mahali.

Rangi ya kwanza iwe ya kung'aa: njano, waridi, kijani cha majani machanga. Nyeusi iache kabisa, hutaona matundu. Na kama umependa nyekundu au zambarau iliyokolea, loweka kipande kwenye maji, kisha kikandamize juu ya kitambaa cheupe. Niliwahi kumpa shangazi yangu alamisho jekundu bila kulijaribu. Alilishika akiwa na mikono yenye maji, akaliweka ndani ya msahafu, na ukurasa ukabaki na doa la waridi. Hakunigombeza, lakini bado linaniuma.

Sasa mkono. Mgeni wa kroshia huiangalia sindano kwa macho makali, kumbe kazi kubwa iko kwenye mkono mwingine, ule unaoongoza uzi. Pitisha uzi kwenye kidole cha mwisho, upite chini ya vidole viwili vya kati, utokee juu ya kidole cha shahada. Uzi uteleze, usikabwe. Ukiona kidole kimekuwa chekundu na sindano inang'ang'ania kutoka kwenye kitanzi, umekaza. Shusha mabega, vuta pumzi, anza tena. Fuma mnyororo mtupu, yaani funga kitanzi kwenye sindano, chukua uzi uupitishe ndani yake, urudie hivyo hivyo hadi uwe mrefu kama mkono wako. Ufumue, ufume tena. Fanya hivyo siku nzima ya kwanza kama itabidi. Mnyororo ukishafanana mwanzo hadi mwisho, mkono umekubali.

Kipo kitu kimoja cha kujihadhari nacho ukitazama mafunzo ya video. Ile nguzo ndefu tutakayotumia hapa, Wamarekani wanaiita dabo, Waingereza wanaiita trebo. Na dabo ya Uingereza ni nguzo fupi. Kwa hiyo herufi dc, kifupi cha dabo (double crochet), kwenye maelezo ya kigeni zinaweza kumaanisha vitu viwili. Jua kwanza anayefundisha anafuata mtindo wa nchi gani, vinginevyo kazi yako itatoka nusu ya urefu wa kwake na hutajua kwa nini.

Nguzo ndefu inafumwa hivi. Zungushia uzi kwenye sindano mara moja, ingiza sindano kwenye tundu, vuta uzi utokeze. Una vitanzi vitatu juu ya sindano. Chukua uzi, upitishe kwenye viwili. Chukua tena, upitishe kwenye viwili vilivyobaki. Basi, hiyo ni nguzo moja.

Alamisho letu lina nguzo 9 kwa upana na mistari 21. Fuma mnyororo wa vitanzi 11. Fundo la kwanza na kitanzi kilicho juu ya sindano havihesabiwi. Ruka vitatu vilivyo karibu na sindano, hivyo vinasimama badala ya nguzo ya kwanza, kisha fuma nguzo moja katika kila kimoja cha vile 8 vilivyobaki. Hesabu: 9.

Geuza kazi. Mstari wa pili ni wa dirisha, yaani wenye nafasi wazi katikati. Fuma mnyororo wa 3, ambao ndio nguzo yako ya kwanza, kisha nguzo 2 kwenye vichwa viwili vinavyofuata, yaani ncha za juu za nguzo za mstari wa chini. Fuma mnyororo wa 3, ruka nguzo 3 za chini, halafu nguzo 2, na ya mwisho iingie kwenye kichwa cha ule mnyororo ulioanza mstari wa chini. Mstari wa tatu unarudi kuwa mzima: mnyororo wa 3, nguzo 2, nguzo 3 ndani ya dirisha, nguzo 2, na ya mwisho tena kwenye kichwa cha mnyororo. Endelea hivyo, dirisha na mzima, hadi mstari wa 21. Utapata madirisha 10 yaliyopangana kama ngazi. Kwa uzi na sindano nilizotaja urefu wake huwa kama sentimita 17, unatosha kitabu cha kawaida. Mkono wako ukitoa fupi kidogo, ongeza mistari miwili miwili ili umalize na mzima.

Binti wa jirani, yuko kidato cha pili, alikuja jioni moja amekasirika. "Mama mdogo, langu limekuwa pembetatu." Kweli, lilianza pana likaishia kama ulimi. Nikamwambia aweke kidole kwenye kila nguzo ya mstari wa juu tuhesabu pamoja. Saba. Mstari wa chini yake, nane. Alikuwa haioni nguzo ya mwisho, kwa sababu haifanani na nguzo, ni ule mnyororo wa 3 umelala pembeni umejikunja kidogo. Alikuwa anaupita. Tulifumua mistari minne, nikafunga kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye kichwa cha mnyororo kila alipoanza mstari mpya, ili akirudi akione. Kufikia mstari wa kumi alikiondoa mwenyewe.

Kosa la pili ni kinyume chake, alamisho linapanuka. Hapo umefuma nguzo kwenye tundu lililo palepale chini ya mnyororo wa mwanzo, na nafasi hiyo tayari imechukuliwa na mnyororo wenyewe. Ingia kwenye linalofuata. Na kila unapochoma, sindano ipite chini ya nyuzi zote mbili za juu, zile zinazolala kama herufi V. Ukichukua mmoja tu pakaonekana mistari ya matuta, ndiyo sababu. Nakusihi uhesabu 9 mwisho wa kila mstari mzima. Fumua mara tu idadi ikikataa. Usiseme utarekebisha mbele.

Ukimaliza, acha uzi wa sentimita 15, ukate, uupitishe kwenye kitanzi cha mwisho ukaze. Usikate karibu na fundo, litafumuka. Tia uzi huo kwenye sindano butu yenye tundu kubwa, upenyeze ndani ya nguzo kwenda, kisha urudishe kwa njia nyingine, ndipo upunguze. Mwanzoni nako fanya hivyo hivyo.

Litakuwa limejikunja, usijali. Lowesha, likamue ndani ya taulo, lilaze juu ya mto mgumu na ulivute kwa pini zisizoshika kutu hadi kingo zinyooke. Liache likauke. Mama zetu walitia vitambaa wanga wa muhogo visimame, lakini kwa kitu kinachokaa kitabuni sishauri, wanga ni chakula cha mende. Maji ya sukari ndiyo usithubutu kabisa. Pasi ya moto wa kadiri juu ya kitambaa kibichi inatosha, kama uzi ni pamba.

Penyeza utepe mwembamba bapa kwenye madirisha, juu na chini, ushone ncha zake kwa nyuma. Tamvua ifungwe upande mmoja tu: kata nyuzi 8 za sentimita 16, zikunje katikati, pitisha mkunjo kwenye ukingo wa chini kwa sindano ya kroshia, ingiza ncha zote ndani ya mkunjo, vuta. Fundo libaki nje ya kitabu, chini ya ukurasa. Likikaa ndani litaacha shimo dogo kwenye kurasa kadhaa, na kitabu hakitafunga vizuri.