Kwa mwanachama mpya: hela ya kwenye droo si ya duka

Mbukwenyi, ndugu zangu mliojiunga msimu huu na chama chetu cha ushirika chenye duka la kazi za mikono. Kiingilio na hisa mmeshalipa, masharti ya chama mmesomewa, na wiki ijayo mnaanza kupangiwa zamu. Kabla hamjakaa kaunta, mimi mhazini wenu nina neno moja: hela nyingi mtakayoiona jioni kwenye droo si ya duka.

Kazi tunazipokea kwa mali kauli. Mama akileta kikapu kutoka Singida, hatujakinunua. Ni chake mpaka mteja alipe. Kikiuzwa shilingi 30,000, chama kinakata asilimia 20, yaani 6,000, za pango, umeme, mifuko na leseni. Zile 24,000 zilizobaki ni amana.

Nalisisitiza neno hilo kwa sababu nililivunja mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kwenye uhazini pango lilifika na mauzo yalikuwa hafifu. Nikachota humo humo kwenye droo, nikijiambia nitarudisha wiki ijayo. Siku ya tatu akaja mzee anayetutengenezea zeze, ametoka Mvumi na basi la alfajiri, mjukuu wake anadaiwa michango shuleni. Zeze lake lilikuwa limeuzwa, hela haipo. Hakunifokea. Alikaa kwenye benchi mpaka saa nane mchana huku mimi nikizunguka kwa wenzangu kukopa, na nilichopata kilikuwa nusu ya haki yake. Mwaka mzima hakutuletea kazi. Alikuwa na haki, na mpaka leo nikipita kwenye lile benchi namkumbuka.

Kwa hiyo anayefunga zamu anagawa hela usiku huo huo: asilimia ya chama huku, ya mafundi kule, na zote mbili zinaandikwa daftarini. Lipa namba ni ya chama. Mtandao ukisumbua, usimwambie mteja atume kwenye simu yako, hata kama nia yako ni safi, maana mkaguzi wa COASCO, shirika la serikali linalokagua vyama vya ushirika, anasoma daftari na risiti, nia hazioni.

Kukopesha hakuna. Wateja wetu wengi ni watu wa ofisini, na ahadi ya "nitapitia mwisho wa mwezi" mtaisikia sana. Kataeni kwa upole. Wale watu 28 wa Rochdale, Uingereza, wafumaji wakiwa miongoni mwao, walipofungua duka lao la ushirika mwaka 1844 waliuza kwa taslimu tu, ilhali maduka ya mji wao yalizoea kukopesha. Sisi tuna sababu ya ziada: kikapu unachokikopesha si chako.

Sasa bei, ambapo wanachama wapya wengi hujiumiza. Chukua kikapu kile kile. Fundi amepata 24,000. Toa 6,000 za ukindu, rangi na nauli, zinabaki 18,000. Amekifuma siku tano, basi ni 3,600 kwa siku. Muulize fundi mwenyewe kama siku yake ya jua kali inalingana na hiyo. Mara nyingi atanyamaza, kwa sababu hajawahi kuhesabu siku, amehesabu ukindu tu. Ukishusha bei ili uuze haraka, umeshusha siku ya mwenzako. Mteja akiomba apunguziwe, mwambie kimefumwa siku ngapi na nani. Wengi wanaelewa.

Kuna jambo gumu kuliko bei, nalo ni kumrudishia mwanachama kazi isiyofaa. Huyo ni jirani yako, ana kura moja kama wewe na kama mwenyekiti. Usimrudishie mbele ya wateja, wala usipokee kwa haya halafu ukafiche kikapu nyuma ya rafu. Mwonyeshe ukingo uliolegea, mkae naye, mpe cha mfano aende nacho nyumbani. Akiona ameonewa, apeleke kwenye bodi. Wewe usibishane naye.

Vibuyu, vinyago na zeze visikae dirishani linapopiga jua la mchana. Hewa yetu ni kavu, mti hupasuka.

La mwisho ni msimu. Mvua zikianza, mwishoni mwa Novemba au Desemba, mafundi wetu wako kwenye uwele, mtama na karanga, wala hawashiki ukindu. Mauzo yetu nayo hupanda Aprili mpaka Juni, Bunge la bajeti likikaa na mji ukajaa wageni, wakati kijijini watu wanavuna. Mzigo wa kuuza miezi hiyo tunaupokea kiangazi, Septemba na Oktoba, stoo inajaa mpaka juu. Kila kikapu kibandikwe lebo yenye jina la fundi na bei siku hiyo hiyo kinapoingia, kabla hakijapandishwa juu ya kingine, maana Aprili hakuna atakayekumbuka kipi ni cha nani.