Kuvuka mto bondeni hadi kwenye tao la mwamba

Ndugu, umeuliza kama uvue viatu kila mnapovuka mto kuelekea kwenye tao. Usivue. Mawe ya mtoni yana utando wa kijani unaoteleza kama sabuni, na kidole kikibanwa kati ya mawe mawili safari imeishia hapo. Vua soksi tu, uzitie mfukoni, kisha uvae viatu tena.

Chagua mahali mto unapotanuka, kwani ndipo maji huwa mafupi na mapole. Kamwe usivukie juu kidogo ya maporomoko: ukiteleza hapo, huna pa kujishikia. Fungua mkanda wa kiunoni wa begi ili uweze kulitupa ukianguka. Tazama kule maji yanakotoka, egemea fimbo, usogeze mguu mmoja mmoja kiubavuubavu. Maji yaendayo kasi yakipita magoti, rudi.

Maji safi yakigeuka ghafla rangi ya udongo na kubeba majani na vijiti, pandeni juu mara moja, hata kama jua linawaka. Mvua imenyesha mbali, huko mlimani.

Mkitembea kwenye mawe, hesabu mwendo wa kilomita 2 kwa saa, si 4.

Kuhusu tao, msipande juu yake. Maji huingia kwenye nyufa na kulegeza mawe, kwa hiyo baada ya mvua kubwa msikae chini yake pia. Vipande vya mwamba vilivyo chini vyenye kingo kali, visivyoota kuvu, vimeanguka karibuni. Picha zipigwe mkiwa kando.