Maswali ya Wasomaji: Fomu ya Kumtathmini Mhadhiri

Barua za safari hii zimetoka Tanga na Bagamoyo, na zote zinahusu ile fomu anayojaza mwanafunzi wa chuo mwisho wa semesta kueleza alivyofundishwa.

Shikamooni. Mimi ni CR, yaani kiongozi wa darasa, wa darasa la watu 60, mwaka wa pili. Kwetu matokeo hayafunguki kwenye mfumo mpaka ujaze tathmini ya kila kozi, na kozi ziko saba. Watu wanabofya 5, yaani "nakubali kabisa", juu mpaka chini, dakika mbili wamemaliza. Tathmini hiyo ina maana gani? Na sisi tufanye nini mhadhiri ajue ukweli?
*CR, Chumbageni, Tanga*

Marahaba. Tathmini iliyobofywa hivyo haina maana, na wa kulaumiwa si wanafunzi. Mtu anayetaka kujua kama ana sapu, yaani mtihani wa marudio, hana moyo wa kupima ufundishaji wa mtu. Ofisi ya uthibiti ubora inaweza kuwatambua wanaobofya bila kusoma: fomu ikiwa na kauli moja iliyogeuzwa, kama "Mhadhiri alikosa vipindi bila kutoa taarifa", mtu akaipa 5 sawasawa na kauli za sifa, huyo hakusoma. Dawa ni kuutenganisha mlango wa matokeo na mlango wa tathmini, fomu ijazwe darasani kwa dakika 10 zilizotengwa, na kila kauli iwe na nafasi ya "sina maoni". Hayo yako mikononi mwa chuo.

Yaliyo mikononi mwenu ni makubwa zaidi, kwa sababu fomu ya mwisho wa semesta, hata ikijazwa kwa uaminifu, inawafaa watakaokuja nyuma yenu. Semesta ikiwa ya wiki 15, mwombeni mhadhiri dakika 15 katika wiki ya 5 au ya 6. Ziwe za mwanzo wa kipindi, maana za mwisho watu wameshafunga mikoba. Msipange Ijumaa karibu na adhuhuri, mtabaki nusu darasa.

Nunueni karatasi 15 za A4, kila moja ikatwe vipande vinne: hapo mna 60. Ubaoni yaandikwe maswali matatu tu. Nini kinakusaidia kujifunza kozi hii? Nini kinakukwamisha? Tubadili nini kuanzia wiki ijayo? Mhadhiri atoke nje. Vipande viingie kwenye bahasha, ifungwe kwa gundi mbele ya darasa. Wenzenu wawili mliowachagua wayachape majibu kwenye simu, yanayofanana yawekwe pamoja na kuhesabiwa ("wa nyuma hatusikii: 23"), kisha vipande vichanwe ili mwandiko usimtaje mtu. Maneno juu ya mavazi, umbo au lafudhi ya mhadhiri yasipelekwe. Anachopewa ni ukurasa mmoja.

Swali la pili tumelipima neno kwa neno. Ukiuliza "ubaya wa mwalimu ni upi", kijana aliyelelewa kumwamkia mkubwa kwa shikamoo ataandika "Mwalimu yuko vizuri, Mungu ambariki", na hapo hakuna la kufanyia kazi. Muulize kinachomkwamisha, atakwambia maandishi ya projekta hayasomeki kuanzia safu ya nne. Na kama kozi inafundishwa kwa Kiingereza, majibu yaruhusiwe kwa Kiswahili. Mtu huandika sentensi tatu kwa lugha anayoiwaza, na neno moja kwa lugha anayoiogopa.

Zoezi hili hufa kwa sababu moja hasa: mhadhiri kupokea ukurasa na kunyamaza. Kipindi kinachofuata aseme atakachobadili, viwili vinatosha, na asichoweza kubadili pamoja na sababu yake. Akinyamaza, mwaka ujao mtaambulia vipande vitupu.

Habari za kazi. Mimi na mwenzangu wa kiume tunafundisha kozi moja, makundi mawili, na mazoezi tunayarudisha siku ileile. Kauli ya fomu inasema: "Mhadhiri hurudisha mazoezi kwa wakati yakiwa na maelezo ya kutosha." Yeye kapata wastani wa 4.4, mimi 3.7. Kundi langu lina wanafunzi 12. Mkuu wa idara anataka nijieleze.
*Mhadhiri msaidizi, Raskazone, Tanga*

Dada, kabla hujajieleza, ieleze kwanza hiyo kauli. Ina maswali mawili ndani ya moja. Mwanafunzi aliyerudishiwa zoezi mapema likiwa na alama ya vema tu, bila maelezo, ajibu nini? Akiweka 3, hakuna atakayejua analalamikia wakati au maelezo.

Pili, idadi. Katika darasa la 12, mtu mmoja akibadili 5 kuwa 1, wastani unashuka kwa 0.33. Katika darasa la 120 mtu huyohuyo angeushusha kwa 0.03. Pengo lako la 0.7 linaweza kuletwa na wanafunzi wawili au watatu. Omba upewe mgawanyo wa majibu: wangapi walitoa 5, wangapi 4, mpaka 1. Wastani peke yake huficha mengi. Watu 20 ambao kumi wametoa 5 na kumi wametoa 2 wana wastani wa 3.5. Wengine 20 ambao kumi wametoa 3 na kumi wametoa 4 nao wana 3.5. Darasa la kwanza limepasuka katikati na lina tatizo la kutafutwa haraka, la pili limetulia, na kwenye ripoti ya chuo yanasomeka sawa.

Tatu ni jambo zito, nalo limepimwa. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani, Lillian MacNell na wenzake, walichapisha jaribio la kozi ya mtandaoni ambamo wanafunzi hawakumwona mwalimu. Mwalimu mwanamume na mwalimu mwanamke kila mmoja alifundisha kundi moja kwa jina lake na kundi jingine kwa jina la mwenzake. Kazi zilirudishwa kwa muda uleule. Hata hivyo kwenye kurudisha kazi kwa wakati, waliodhani wanafundishwa na mwanamume walitoa 4.35, waliodhani ni mwanamke walitoa 3.55. Darasa lilikuwa dogo, na hatusemi ndicho kilichotokea kwako. Lakini mkuu wa idara anayesoma 3.7 kama ushahidi wa uzembe anapaswa kulijua.

Ndiyo maana tunashikilia kwamba mwanafunzi aulizwe kama shahidi wa kilichotokea, asifanywe hakimu. Futeni "kwa wakati", ulizeni: "Zoezi la kwanza ulirudishiwa baada ya siku ngapi?" Majibu yawe: 7 au pungufu, 8 hadi 14, zaidi ya 14, bado. Siku zinahesabika. Swali la maelezo lisimame peke yake: "Kwenye zoezi lililorudishwa, kuna mahali pameandikwa jinsi ya kurekebisha kosa?" Ndiyo au hapana.

Kwa moyo huohuo, kauli "Mhadhiri analijua somo lake" iondolewe kabisa. Mwaka 1970 huko Marekani mwigizaji Michael Fox alivishwa cheo cha "Dk. Myron Fox", akatoa mhadhara wenye maneno matamu, unaojipinga wenyewe na usio na kitu ndani, mbele ya wataalamu wa afya ya akili na elimu. Walimsifu. Ikiwa wataalamu walichotwa hivyo, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza tumwulizeje? Ujuzi wa somo upimwe na wahadhiri wenzake kwa kusoma mitihani aliyotunga na kuketi darasani kwake.

Kwa mkuu wa idara nenda na vitu vitatu: daftari la tarehe za kupokea na kurudisha mazoezi, nakala za mazoezi mawili uliyosahihisha, na tathmini zako za semesta tatu zilizopita. Mwaka 2018 msuluhishi William Kaplan aliamua kwamba Chuo Kikuu cha Ryerson, Toronto, Kanada, kisitumie wastani wa fomu hizi kupima ubora wa ufundishaji katika kupandisha watu vyeo. Uamuzi huo haufungi chuo chetu chochote, ila hoja zake zinafaa kusomwa.

Nafundisha ngoma kwa vitendo, ngazi ya diploma, wanafunzi 18. Fomu inauliza slaidi na vitini. Niulize nini badala yake?
*Mkufunzi, Kaole, Bagamoyo*

Uliza muda wa mkono kuwa juu ya ngozi. Kipindi cha dakika 90, ngoma 6, watu 18: hata mpokezane bila kupoteza sekunde, kila mtu ana dakika 30. Dakika 15 zikienda kupasha ngoma moto ngozi ikaze, zinabaki 25. Kwa hiyo: "Kwa kawaida ulipiga dakika ngapi katika kipindi?" "Mkufunzi alikurekebisha mkono au mapigo mara ngapi mwezi huu?" "Kabla ya mtihani ulionyeshwa kitakachopewa alama?" Jibu la kwanza likiwa dakika 10, tatizo ni zamu au idadi ya ngoma, na unaweza kwenda nalo kwa mkuu wa chuo likiwa na tarakimu.

Nikiandika ukweli kwenye mfumo, mhadhiri atajua ni mimi?
*Mwanafunzi, Magomeni, Bagamoyo*

Unaingia kwa namba yako ya usajili, hivyo mfumo unajua kuwa umejaza. Kama jibu lako linaunganishwa na namba hiyo, inategemea ulivyotengenezwa. Iulize ofisi ya uthibiti ubora mambo mawili: mhadhiri anafunguliwa ripoti kabla au baada ya alama kupitishwa, na je, ripoti hutolewa hata wakijaza watu watatu? Kwenye maoni, kinachomtambulisha mtu mara nyingi ni kisa chake mwenyewe. Andika "zoezi la pili halikurudishwa". Acha "zoezi langu la pili, lile nililochelewesha kwa msiba wa bibi".