Mafuta ya kopo kwa chenso: hesabu yangu baada ya kuua kabureta mbili

Mkuu, umeuliza kama kuna maana yoyote kununua mafuta ya chenso (msumeno wa mnyororo wa injini) yaliyokwisha kuchanganywa na oili kiwandani, haya ya kopo, wakati lita moja inakula pesa ya lita tatu au nne za petroli ya kituoni. Umesema una msumeno wa sisi (cc) 50 za injini unaoutumia wikendi, na mwingine wa zamani ulioachiwa na baba mkwe. Mimi nimeangusha na kupogoa miti kwa miaka 14. Nimetumia ya kituoni, nimetumia ya kopo, na sasa natumia zote kwa mpango wangu. Jibu litakuwa refu, kwa sababu wengi wakiulizwa hili wanakimbilia kwenye injini, na kwa hesabu yangu injini ndiyo inayobeba uzito mdogo.

Zamani nilikuwa nawacheka watu wa makopo. Nilikuwa na kidumu changu cha lita 5, mililita 100 za oili ya 2T, ile ya kuchanganya na petroli, ndani yake, natikisa, kazi inaendelea. Kilichonibadilisha ni kichwa. Kuna kazi moja ya kukatakata miti iliyolala kwenye bonde dogo lisilopitisha upepo. Unainama juu ya gogo, eksozi inapuliza kwenye majani, moshi unagonga chini na kukurudia usoni. Kufika saa nane mchana kichwa kinagonga, mate yana ladha ya petroli, na jioni chakula hakipandi. Nililaumu jua, nikalaumu maji kidogo, nikalaumu hata miwani. Siku ya tano mwenzangu alikuja na kopo lake, tukabadilishana misumeno kwa kutwa nzima kwa sababu wake ulikuwa na bao fupi (ule ubapa unaobeba mnyororo) nililolihitaji. Jioni ile nilikula. Yeye ndiye aliyelala na kichwa.

Siku moja si ushahidi, najua. Lakini ilinifanya nitafute kujua moshi ule una nini.

Injini ya chenso haina vali kama ya gari. Mchanganyiko mpya unaingia kwenye silinda huku moshi wa zamani ukiwa bado unatoka, kwa hiyo sehemu ya mafuta inapita moja kwa moja hadi kwenye eksozi bila kuungua. Kwa injini za muundo wa zamani sehemu hiyo ni robo hivi ya mafuta yote, na inaweza kuzidi. Ukimaliza lita 4 kwa siku, basi karibu lita nzima umeipuliza hewani ikiwa bado petroli, tena mita moja kutoka puani pako. Misumeno mipya ina njia ya kutanguliza hewa tupu mbele ya mchanganyiko ili kupunguza upotevu huo, lakini haiumalizi. Ndiyo maana kilichomo kwenye petroli ni muhimu kwa mtu wa chenso kuliko kwa dereva, ambaye eksozi yake iko nyuma na ina kifaa cha kusafisha moshi.

Na petroli ya kituoni ina mengi. Ina tolueni, zaileni na jamaa zao, ambao sheria za Umoja wa Ulaya kwa mfano zinawaruhusu kufika asilimia 35 ya ujazo. Ina benzini, ambayo sheria hizohizo zimeiwekea kikomo cha asilimia 1, na hiyo asilimia moja isikudanganye kwa udogo wake. Benzini imo kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya damu. Inaingia kwa pumzi, na kiasi fulani kwa ngozi, kwa hiyo ule mtindo wa kunawa mikono kwa petroli ili kutoa utomvu, ambao mimi niliufanya miaka mingi, uache leo. Barakoa ya vumbi haisaidii kitu hapo. Mvuke unapita humo kama maji kwenye chekeche.

Mafuta ya kopo yaliyo bora yanaitwa alkileti. Hayachujwi tu kutoka kwenye petroli ya kawaida. Yanatengenezwa kwa kuunganisha gesi nyepesi za kiwanda cha kusafishia mafuta, kwa msaada wa asidi kali, hadi zigeuke kuwa kimiminika chenye oktani nzuri na karibu kisicho na benzini, salfa wala ethanoli (pombe inayochanganywa kwenye petroli). Waliotangulia kuyapeleka msituni ni Wasweden, mwishoni mwa miaka ya 1980, na sababu ilikuwa afya za wakata miti wenyewe. Sweden ina hadi kiwango chake cha kitaifa cha mafuta haya, SS 155461, na ukiona namba hiyo kwenye kopo unajua unachonunua.

Kwa nini nataja namba? Kwa sababu si kila kopo ni alkileti, na hapa watu wengi wanapigwa. Kuna makopo yenye petroli ya kawaida isiyo na ethanoli, imechanganywa na oili nzuri, ikawekwa kwenye chombo cha kuvutia. Kwa kabureta, kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa kwa ajili ya injini, hayo ni mazuri sana. Kwa mapafu yako hayana tofauti kubwa na ya kidumu, na bei yake inaweza kulingana na alkileti kabisa. Soma nyuma ya kopo. Kama limeandika "haina ethanoli" na kunyamaza kuhusu benzini, jua umelipia uhifadhi tu. Na hakikisha umechukua la tu-stroki. Lipo pia la foo-stroki lisilo na oili, na hilo litaua msumeno wako kabla hujamaliza tangi.

Sasa tuje kwenye injini. Kabureta zangu mbili zilikufa kwa kukaa, si kwa kazi. Ya kwanza niliiacha na mchanganyiko miezi mitano. Nilipoifungua, kile kichujio kidogo cha wavu kilikuwa kimefunikwa na utando wa kahawia, unanata kama asali iliyokauka, na kiwambo cha mpira kinachopaswa kuwa laini kama ngozi ya sikio kilikuwa kigumu. Nilikigusa kwa kidole kikatoa mlio wa karatasi. Kiwambo kikiwa hivyo msumeno unawaka, unanguruma vizuri, halafu ukivuta mafuta unazima. Unaanza kushuku plagi, unashuku filta, unavuta kamba mpaka bega linauma.

Ya pili ilikuwa mbaya zaidi, maana iliondoka na injini. Petroli yenye ethanoli inanyonya unyevu wa hewani, na ikishiba, ethanoli na maji vinajitenga na kuzama chini ya tangi. Filta ya chenso inalala wapi? Chini ya tangi. Oili nayo inabaki juu na petroli. Kwa hiyo injini inanyonya maji na pombe bila tone la maana la oili. Nilisikia sauti ikipanda na kuwa kali, nikadhani mnyororo umekolea makali. Dakika moja baadaye injini ilinoki, yaani pistoni ilikwama. Pistoni ilitoka na mikwaruzo upande wa eksozi, mirefu kama ya paka kwenye mlango. Zile zilikuwa gharama za silinda, pistoni, ringi na kazi ya fundi, yote kwa mafuta ya kidumu kilichosahaulika kwenye kona.

Alkileti haina tabia hizo. Kopo lisilofunguliwa linakaa miaka mitatu au zaidi, lililofunguliwa watengenezaji wengi wanalikadiria hadi miaka miwili, mradi kifuniko kimekazwa. Mchanganyiko wa kidumu mimi siuamini baada ya siku 30.

Hesabu basi. Chukua lita ya petroli ya kituoni pamoja na oili yake kuwa kipimo kimoja, na lita ya kopo kuwa vipimo vitatu na nusu, kama ninavyolipa mimi. Wewe wa wikendi huenda unamaliza lita 5 kwa mwaka. Unaongeza vipimo 12 na nusu, yaani bei ya lita 12 na nusu za petroli, kwa mwaka mzima. Mara ya mwisho nilipomlipa fundi kusafisha kabureta na kubadili viwambo, bili ilizidi lita 20. Kwako wewe sioni hata cha kujadili. Unakata kidogo, mafuta yanakaa muda mrefu, na kinachoua chenso za watu wa aina yako ni huko kukaa.

Mtu wa kazi ya kutwa ana hesabu nyingine. Lita 4 kwa siku, siku 20 kwa mwezi, ni lita 80. Nyongeza ni bei ya lita 200 za petroli kila mwezi, kwa msumeno mmoja. Na kwake ile faida ya uhifadhi haipo, maana kidumu hakilali. Kwa upande wa injini tupu amepata hasara, tusidanganyane. Anachonunua ni pumzi yake, na pumzi haina risiti, ndiyo maana wengi hawainunui. Kama kuna anayekuajiri, hiyo gharama ni yake kama vile kofia na suruali ya kinga, mdai. Kama unajilipia mwenyewe, fanya nilivyofanya: alkileti naitumia nikiwa juu ya mti, ambapo eksozi iko kifuani, nikiwa kwenye bonde au kati ya kuta, na nikikata chini karibu na ardhi kwa saa nyingi. Kwenye uwanja wenye upepo, nikipasua magogo nimesimama wima, natumia ya kituoni iliyochanganywa wiki hiyohiyo. Tangi la mwisho kabla ya kuhifadhi msumeno wowote ni la kopo, kila mara. Matumizi yangu ya kopo yalishuka hadi theluthi hivi, na kichwa hakijanisumbua kama zamani. Ukinunua dumu kubwa badala ya vikopo vya lita moja bei nayo inashuka, na unapunguza takataka.

Ila wauzaji wanapenda kusema "mafuta safi" kana kwamba unaweza kuyapulizia chumbani. Kaboni monoksaidi inatoka vilevile. Haina harufu, na inaua kwenye banda lililofungwa bila kujali umelipa kiasi gani. Moshi wa oili upo. Na bado ni mafuta ya kisukuku, hali ya hewa ya dunia hujaifanyia lolote. Jambo jingine la kuchekesha, kama si la kutisha: kwa kuwa hayanuki sana, watu wanasahau kuwa ni petroli. Kijana niliyekuwa naye alimwaga kidogo kwenye gogo wakati wa kujaza, hakusikia harufu, akatoa kiberiti avute sigara palepale. Nilimrukia kama kipa.

Kuhusu nguvu, sijaona tofauti ya kunifanya nilipe wala nisilipe. Ni mepesi kidogo kuliko petroli ya kawaida, karibu kilo 0.69 kwa lita dhidi ya 0.74 au 0.75, kwa hiyo kabureta iliyosetiwa kwa ya kituoni inaweza kuwa na njaa kidogo. Misumeno ya kisasa inayojiseti yenyewe itajirekebisha baada ya kukata kwa dakika kadhaa. Yenye skrubu inataka kufunguliwa kidogo ile skrubu ya mzigo, inayotawala mafuta wakati wa kukata, kwa kipima mizunguko, si kwa sikio la mtu aliyekaa na chenso miaka 14, maana sikio hilo limeshachoka.

Huo wa baba mkwe ndio unaonipa wasiwasi. Sili na mipira iliyoishi miaka 20 ndani ya petroli ya kawaida imevimba kwa zile tolueni, na imezoea kuziba ikiwa imevimba. Ukiipa alkileti inasinyaa. Msumeno wangu wa zamani ulianza kutoa jasho kwenye kifuniko cha tangi siku ya pili, na mpira wa mafuta ukawa na ufa pale unapoingilia kabureta. Mpira unaovujisha mafuta si hatari kubwa kama sili ya krankshafti (mhimili wa injini) inayoingiza hewa. Hiyo inafanya mchanganyiko kuwa mwembamba, hewa nyingi na mafuta kidogo, na injini inanoki huku unaendelea kukata.

Kwa hiyo, ule wa sisi 50 ujaze mafuta ya kopo leo na usahau. Kwa ule wa zamani, badili kwanza mpira wa mafuta, filta na viwambo, ni vitu vya bei ndogo. Maliza mafuta yaliyomo mpaka uzime wenyewe, jaza alkileti, seti kabureta, kata matangi mawili ya kazi nyepesi. Kisha uache ungurume bila kuvuta mafuta na usikilize. Ukipanda mizunguko wenyewe, au ukichelewa kushuka baada ya kuachia, hewa inaingia mahali: zima hapohapo, upeleke ukapimwe presha kabla ya kukata hata tawi moja.