Logi haikumfikia askari. Nifanyeje?

SWALI: Kaka, salaam. Naendesha semi, naishi Louisville, Kentucky. Wiki iliyopita kwenye mizani ya I-65, Indiana, askari aliniambia nimtumie logi za ELD, yaani rekodi za saa zangu za kazi zinazotunzwa na kifaa cha kielektroniki cha garini. Nilibonyeza mara tatu, kwake hazikuingia. Jasho lilinitoka. Mwishowe alizisoma kwenye tableti, akaniachia. Nikikutana na mkali zaidi, si ataniandikia kosa?
Dereva, Louisville

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Logi zikigoma kwenda, huna kosa, maadamu skrini inaonyesha siku ya leo na saba zilizotangulia. Sheria ya Marekani inamruhusu askari kuzisoma pale pale kwenye kifaa, au kwenye karatasi ukiwa na printa. Mpe tableti aishike, hana haja ya kupanda kwenye kabini.

Ila safari ijayo uliza kwanza. Kuna vifaa vinavyotuma kwa mtandao, na vingine kwa USB na Bluetooth. Chako ni kipi? Askari akikupa namba, iingize kwenye sehemu ya maoni kabla ya kubonyeza, maana ndiyo inayomsaidia kulipata faili lako.

Mimi nakuhofia zaidi siku skrini itakapozima kabisa. Tajiri wangu wa kwanza alinikabidhi funguo na tableti, basi. Usiku mmoja wa theluji, Nebraska, tableti ikafa. Sikuwa na fomu ya logi ya karatasi hata moja. Nilichora mistari minne kwenye karatasi ya daftari, leseni ikiwa ndiyo rula: mapumziko, kitandani ndani ya kabini, kuendesha, kazini bila kuendesha. Saa nilizikokotoa kwa risiti za dizeli, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Dereva asiachwe hivyo!

Kifaa kikiharibika, mjulishe tajiri kwa maandishi ndani ya saa 24, kisha jaza kwa mkono logi ya leo na za siku 7 zilizopita, kama huwezi kuzitoa kwenye kifaa. Yeye ana siku 8 za kukitengeneza.

Kwa hiyo leo, kabla hujawasha injini, fungua bahasha ya gari. Utafute kitabu cha maelekezo ya kifaa, karatasi ya namna ya kutuma logi, karatasi ya hatua za kufuata kikiharibika, na fomu tupu za logi za kutosha siku 8. Kikikosekana hata kimoja, mpigie tajiri na usubiri akupatie kabla hujaondoka yadi.