Damu baada ya kujifungua: mama anaishaje ndani ya saa mbili?

Swali: Shikamoo mkunga. Mke wa kaka yangu alijifungulia zahanati kisiwani huku Ukerewe. Mtoto akatoka salama, kondo likatoka, akanywa na uji. Damu ikawa haikatiki. Bibi mmoja akasema ni damu chafu, iacheni itoke. Tunahangaika na boti tayari amelegea, na hospitali ya Nansio hakufika. Mtu mzima anaishaje hivyo ndani ya saa mbili?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, poleni sana. Nianze na hilo la bibi, maana wodini nalisikia kila mwaka na linaniuma: hakuna damu chafu. Ni ileile inayompa pumzi.

Mimba ya miezi tisa hupitisha nusu lita ya damu au zaidi kwenye mji wa mimba kila dakika. Kondo likibanduka, mishipa yake inabaki wazi. Kinachoiziba ni nyama ya mji wenyewe, inayojikaza na kuibana. Ukipapasa kitovuni unakuta kitu kigumu cha mviringo. Mji uliochoka huwa laini kama unga uliokandwa, na hapo damu humwagika kama bomba lililoachwa wazi. Mara nyingi chanzo ni hicho. Vingine ni kuchanika au kipande cha kondo kubaki ndani. Saa mbili mlizoziona ndizo tunazofundishwa. Maambukizi hukupa siku, hii haikupi.

Nchini, vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 (2015/16) hadi 104 (2022), ila kutoka damu bado ni muuaji mkubwa.

Macho nayo hudanganya. Kitenge cheusi kikilowa hakionyeshi kitu. Sisi tunakiweka kwenye mizani, tunatoa uzito wake kikiwa kikavu. Gramu 1 ni kama mililita 1. Ikifika 500 hatungoji.

Sindano ya oksitosini, ya kukaza mji, huchomwa ndani ya dakika 1 baada ya mtoto kutoka. Inataka friji, nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa kwenye joto muda mrefu inapoteza nguvu, na nesi anachoma akidhani amekinga.

Sisi wa ziwani tuna letu jingine: wengi huingia leba damu ikiwa kidogo tayari. Malaria, minyoo, na kichocho cha kuchota maji na kufua ziwani. Mwenye damu 12 akipoteza lita moja anaweza kuhimili. Mwenye 7 hana cha kupoteza. Kwa hiyo ukiwa na mjamzito nyumbani, muulize kipimo cha damu kliniki kilisomaje. Fefo, vidonge vya kuongeza damu, ameze kila siku, hata zikimchafua tumbo. Dawa ya kichocho anaweza kupewa miezi mitatu ya kwanza ikishapita, aulizie. Na wiki za mwisho ahamie Nansio, jirani na hospitali.

Ikitokea tena, pigeni 115 ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito na waliojifungua, haikati salio. Akojoe, mtoto awekwe kwenye titi anyonye, maana kunyonya kunakaza mji. Mmoja wenu ausugue mji kwa kiganja juu ya tumbo, kwa nguvu, hata akilalamika. Mkipanda boti, mkono usitoke tumboni mpaka mkabidhi kwa nesi.